Mheshimiwa Mwenye Nasari

Ndugu wasikilizaji wa Karagwe na Kyerwa, mlioko Kayanga mjini, Omurushaka, Nyaishozi, Nkwenda, Isingiro, mpaka kule Murongo mtoni.

Kila mwaka ifikapo Mei, bajeti ya Wizara ya Elimu inapojadiliwa Dodoma, kuna maneno ambayo kila anayefuatilia Bunge redioni ameshayazoea. Mbunge anasimama, anamshukuru Spika, halafu anasema kwamba kabla hajaendelea anaomba kutangaza maslahi: yeye ni mmiliki wa shule. Akishasema hivyo anaendelea. Anazungumzia ada, utitiri wa kodi kwenye shule binafsi, ukaguzi, vibali vya walimu kutoka nje. Muda unakwisha, kengele inalia, anakaa.

Mbunge huyo hajavunja kanuni. Amefanya hasa kile ambacho Kanuni za Kudumu za Bunge zinamtaka afanye: mwenye maslahi ya kifedha katika jambo aseme kwanza anavyohusika nalo, ndipo achangie. Ninachotaka tukizungumze jioni hii ni kinachobaki baada ya hapo. Tukishajua kwamba anayechangia sheria ya shule ni mwenye shule, taarifa hiyo inatusaidia nini? Na yule aliyenyamaza je? Nauliza kwa ajili ya kundi moja la wanafunzi wasio na wa kuwasemea: watoto wa awali, wale wa miaka mitano, ambao wazee wetu bado wanasema wako shule ya vidudu.

Tuone kwanza sheria inamtazamaje mtoto huyu. Elimu ya awali iliingizwa rasmi katika mfumo wetu na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995. Sera iliyofuata, ya mwaka 2014, ambayo Rais Kikwete aliizindua Februari 2015, ikaenda mbali zaidi ikasema awali iwe ya lazima kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Toleo jipya la sera hiyo, la mwaka 2023, lililozinduliwa na Rais Samia mapema mwaka 2025, limeubakiza mwaka mmoja wa awali kabla ya miaka 6 ya msingi. Maneno hayo ni mazuri. Lakini Sheria ya Elimu tuliyo nayo ni Namba 25 ya mwaka 1978, na lazima ya kumwandikisha mtoto shule iliyowekwa humo ilimhusu mtoto aliyetimiza miaka 7. Chini ya umri huo, mambo mengi yanaendeshwa kwa sera, nyaraka na miongozo.

Tofauti hiyo ni kubwa. Sheria hupita bungeni, mchana, huku wananchi wanasikiliza. Waraka huandikwa ofisini na kubadilishwa ofisini. Tena mtoto mwenyewe amegawanywa: akiwa katika kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, anaangukia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na maofisa wa ustawi wa jamii, akiingia darasa la awali, mtaala wake uko Wizara ya Elimu na Taasisi ya Elimu Tanzania, darasa lenyewe na mwalimu wake viko TAMISEMI, kupitia halmashauri. Desemba 2021 serikali ilizindua programu ya kuwaunganisha wahusika wote hao, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwenda mpaka 2025/26. Hiyo nayo ni programu, haijafikia kuwa sheria. Mahali ambapo sheria ni nyepesi namna hii, anayesikilizwa ni yule aliye karibu na meza. Mara nyingi aliye karibu na meza ana kitu chake pale.

Sasa twende darasani. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Takwimu za serikali yenyewe zimeonyesha, kwa zaidi ya mwaka mmoja, wastani wa watoto zaidi ya 100 kwa mwalimu mmoja katika shule zake. Mwalimu mmoja na watoto 100 wa miaka mitano! Mama yeyote anayenisikiliza, aliyewahi kuwachunga watoto watano wa umri huo kwa saa moja, anajua ninachosema. Hawezi kumshika mtoto mkono amfundishe kuandika herufi. Hawezi hata kujua yupi hajala tangu jana. Na watoto wengi wa vijijini kwetu wanaingia darasani wakiwa na Kinyambo tu, kwa hiyo mwalimu huyo huyo ndiye anayewapa Kiswahili.

Kwa miaka mingi madarasa haya yalisimama kwa mwalimu wa kujitolea, binti au kijana wa pale pale kijijini, aliyelipwa na wazazi kidogo kidogo. Mwaka 2016 elimu bila malipo ilianza, kwa Waraka Namba 5 wa 2015, na watoto wakafurika. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango yote shuleni. Nia ilikuwa kumlinda mzazi maskini, na aliumia kweli kweli wakati wa michango, hilo nalikubali. Lakini darasa la awali ndilo lililokuwa limeegemea mchango kuliko madarasa mengine yote. Mwalimu wa kujitolea hakai bila kulipwa hata kidogo. Alipoondoka, nafasi yake haikujazwa kwa kasi aliyoondoka nayo.

Aliyeijaza ni nani? Pita Kayanga, pita Omurushaka, usome vibao vya barabarani. Nasari, dei kea, shule za mchepuo wa Kiingereza zenye basi la njano na sare za rangi ya kuvutia. Nyingine ni za makanisa, na makanisa katika wilaya zetu yamefundisha watoto kabla serikali haijafikiria awali. Nyingine ni za walimu wastaafu waliotumia kiinua mgongo chao kwa jambo la heshima. Nyingine ni za wafanyabiashara. Na katika nchi hii nzima, baadhi ni za wanasiasa. Mzazi anayeona mtoto wake anakaa sakafuni kati ya watoto 100 anafanya hesabu: kahawa ikiuzwa vizuri, atalipa ada ya muhula. Wapo wanaouza kahawa ikiwa bado ua shambani, ile butura inayopigwa marufuku kila msimu, ili mtoto asirudishwe nyumbani.

Hapo ndipo maslahi yanapoonekana kwa macho, na naomba unifuate taratibu. Kila darasa la awali la serikali linalopata mwalimu wa pili, viti vidogo, uji na choo cha watoto, linapunguza wateja wa nasari iliyo jirani. Na kila darasa la serikali linaloachwa na watoto 100 linaongeza wateja hao. Mmiliki wa nasari hahitaji kuwa mtu mbaya ili jambo hilo liwe kweli. Anaweza kuwa mcha Mungu, mwalimu mzuri, anayewasamehe yatima ada. Lakini siku anapoketi kwenye kamati inayopanga fedha za madarasa ya awali ziende wapi, au inayojadili leseni za vituo, au kiwango cha ada, uamuzi mzuri kwa watoto wote wa kata unaweza kuwa hasara kwake. Watu wanaotaja mgongano wa maslahi wanazungumzia hali hiyo tu. Mtu anaweza kuwa ndani yake kabla hajafanya kosa lolote.

Nchi yetu iliwahi kuwa na jibu kali kwa jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Shule binafsi za msingi nazo hazikuwa na nafasi kubwa wakati huo. Halafu Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikalegeza masharti hayo, na miaka minne baadaye, mwaka 1995, sera ya elimu ikaalika sekta binafsi katika awali na msingi. Malango mawili yalifunguliwa karibu wakati mmoja: kiongozi aliruhusiwa kufanya biashara, na shule iliruhusiwa kuwa biashara. Mwaka huo huo wa 1995 likawekwa kufuli badala ya ukuta uliobomolewa: Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13. Inamtaka kiongozi, akiwemo mbunge na diwani, apeleke tamko la mali na madeni yake kwa Sekretarieti ya Maadili kila mwaka kabla ya tarehe 31 Desemba. Mwaka 2020 zikaongezwa kanuni mahsusi za kudhibiti mgongano wa maslahi.

Kufuli lipo, basi. Nani ana ufunguo? Daftari la matamko hayo halikuwekwa wazi kwa kila mtu. Mwananchi anayetaka kuliona anatakiwa awe amepeleka malalamiko dhidi ya kiongozi husika, maombi yake yahusiane na malalamiko hayo, alipe ada, na alichokiona haruhusiwi kukitangaza. Yaani ili ujue kama mbunge wako ana nasari, inabidi kwanza umlalamikie. Mkulima wa Kihanga hatafanya hivyo, na simshangai.

Uingereza, ambako tulichukua sehemu kubwa ya taratibu za Bunge letu, daftari la maslahi ya kifedha ya wabunge limekuwa likichapishwa tangu mwaka 1975. Leo liko kwenye intaneti; mtu yeyote analisoma bila kueleza sababu. Majirani zetu Kenya walivutana kwa miaka juu ya muswada wa mgongano wa maslahi, ukaenda na kurudi kati ya mabunge yao mawili na Ikulu, mpaka Rais William Ruto akautia saini Julai 2025. Sheria hiyo imeikabidhi Tume ya Maadili na Kupambana na Rushwa ya Kenya kazi ya kuisimamia. Nasubiri kuona itafanya kazi namna gani, lakini angalau wamelipa jambo lenyewe sheria ya jina lake.

Nirudi nyumbani, kwa mifano ya watu wanaofahamika.

Marehemu Mchungaji Dkt. Getrude Rwakatare, aliyefariki Aprili 2020, alikuwa mbunge wa viti maalumu na mmiliki wa shule za St. Mary's. Hakuficha, nchi nzima ilijua. Shule zake zilifundisha watoto wengi, kuanzia wadogo kabisa. Wakati fulani kati ya 2015 na 2017 serikali ilipozungumzia ada elekezi, yaani kiwango ambacho shule binafsi zisingekivuka, wamiliki wa shule kupitia chama chao, TAMONGSCO, walipinga kwa nguvu. Bungeni pia sauti za kupinga zilikuwa nyingi, na nyingine zilianza na kutangaza maslahi. Ada elekezi haikufika kuwa sheria. Inawezekana waliopinga walikuwa na hoja nzito: gharama za shule hazilingani, na kiwango kimoja kingeweza kuua shule nzuri. Mimi mwenyewe nina mashaka kama kiwango kimoja kingeweza kufanya kazi Masaki ya Dar es Salaam na Nkwenda kwa pamoja. Lakini mzazi anayelipa ada alistahili kuona hoja hiyo ikipimwa na watu ambao matokeo yake hayagusi mifuko yao. Hakupata nafasi hiyo, na ndiyo maana mpaka leo wapo wanaoamini ada elekezi iliuawa na wenye shule. Huenda si kweli. Hakuna njia ya kuwashawishi vinginevyo, na hiyo ni hasara hata kwa wenye shule.

Mfano wa pili ni wa mkoa wetu wa Kagera na unauma zaidi. Profesa Anna Tibaijuka, wakati ule Mbunge wa Muleba Kusini na Waziri wa Ardhi, alipokea shilingi bilioni 1.6 kutoka kwa mfanyabiashara James Rugemalira mwaka 2014, katika akaunti yake ya Benki ya Mkombozi. Alieleza kwamba fedha hizo zilikuwa mchango kwa shule ya wasichana ya Barbro Johansson iliyoko Dar es Salaam. Sakata la Escrow, la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Escrow ya Benki Kuu, lilipolipuka, Rais Kikwete alimwondoa uwaziri tarehe 22 Desemba 2014, na mwaka uliofuata akafikishwa mbele ya Baraza la Maadili. Simtaji ili nimhukumu upya. Shule ipo, na wasichana waliosoma pale wapo. Namtaja kwa sababu anatufundisha kwamba hata shule, hata kazi njema ya kumsomesha mtoto wa kike, inaweza kumtia kiongozi mahali pabaya ikiwa mkono unaopokea kwa ajili ya shule ndio unaoshika madaraka.

Na aliyepewa heshima ya jina la shule hiyo naye ana habari inayotuhusu. Mama Barbro Johansson alikuwa Mswidi aliyefika Bukoba mwaka 1946 kama mwalimu wa misheni. Aliongoza shule ya wasichana Kashasha, akajiunga na TANU, akaingia katika Bunge letu na kuchukua uraia wa nchi hii. Alipozungumza bungeni juu ya elimu ya wasichana alizungumza kama mtu aliyewafundisha kwa mikono yake. Alikuwa na ujuzi wote wa shule, na shule haikuwa duka lake. Wanaosema kwamba tukiwazuia wenye shule tutabaki na Bunge lisilojua elimu wanasahau kwamba nchi imejaa walimu, wakaguzi wa zamani, walezi wa vituo na wazazi wanaojua mambo haya bila kuyauza.

Mwenye nasari naye asikilizwe, tena kwa makini. Anajua gharama ya uji wa watoto 40 kwa mwezi, anajua leseni inavyochelewa, anajua mlezi mzuri anavyohamia kwingine akishazoeshwa kazi. Ila kamati ya Bunge ina viti vya wajumbe na ina nafasi ya wadau wanaokuja kutoa maoni. Mbunge mwenye shule, siku muswada wa elimu ya awali unapochambuliwa, aje akae kwenye nafasi ya wadau. Aseme yote anayoyajua. Aulizwe maswali kama wanavyoulizwa TAMONGSCO, maaskofu na vyama vya walimu. Akimaliza atoke, na wajumbe wasio na shule waamue. Hapo ujuzi wake tumeupata wote, na uamuzi haukuwa wake.

Wapo watakaoniambia maslahi hayaishii kwa mwenye shule. Ni kweli. Mbunge ambaye watoto na wajukuu wake wote wanasoma shule binafsi hana shule, lakini darasa la Kayumba, yaani la shule ya serikali, halimgusi. Hajui kama liliezekwa au lina viti. Mwingine ni muumini wa kanisa au msikiti wenye shule, na hilo linatuhusu karibu sote hapa, maana Jimbo Katoliki la Kayanga na Dayosisi ya Karagwe ya KKKT ndizo zimelea nusu ya wasomi wetu. Siwezi kudai watu hao wote watoke kikaoni. Hatutabaki na mtu. Wa kutoka ni yule ambaye uamuzi unaingiza au kutoa fedha mfukoni mwake, mwa mwenzi wake au mwa mtoto wake. Wengine watuambie tu, tuwasikilize tukiwa tunajua.

Tutazame na ng'ambo ya mto Kagera. Sheria ya Elimu ya Uganda ya mwaka 2008 iliiacha elimu ya kabla ya msingi mikononi mwa watu na mashirika binafsi, na gharama yake ikawa ya mzazi. Kikagati ya Uganda inaonekana kutoka Murongo, na kuna wakati wazazi wengi wa Kagera walivusha watoto kwenda kusoma huko. Mtoto wa upande ule ambaye baba yake hana fedha anaingia darasa la kwanza bila kushika penseli. Sisi kwenye karatasi tuko mbele yao: kila shule ya msingi ya serikali inatakiwa iwe na darasa la awali. Tunaweza kurudi walipo bila kubadilisha sheria hata moja. Inatosha kuyaacha madarasa yetu yachakae mpaka mzazi mwenye chochote mfukoni ayakimbie, wabaki wasio na chochote na wasio na sauti.

Sasa nishuke kwenye halmashauri zetu, ya Karagwe na ya Kyerwa, maana huku ndiko sheria inakogeuka kuwa tofali. Miaka ya karibuni fedha nyingi zimeshuka kwa ajili ya watoto wadogo. Zilikuja fedha za UVIKO, ambapo katika madarasa 15,000 yaliyojengwa nchini, 3,000 yalikuwa ya shule shikizi, zile zinazosogezwa karibu na watoto wasioweza kutembea mbali. Ukaja mradi wa BOOST, wa shilingi trilioni 1.15, kwa awali na msingi, wenye madarasa ya mfano ya awali yenye vyoo vya watoto na michezo nje. Sehemu kubwa ya ujenzi huo inafanywa kwa fosi akaunti: kamati za shule zinanunua mchanga, mawe, saruji na bati, na mafundi ni wa hapa hapa. Utaratibu huo naupenda. Fedha zinabaki kijijini na wananchi wanaona kila mfuko wa saruji.

Lakini kijijini kuna maduka mangapi ya vifaa vya ujenzi? Kuna malori mangapi ya mchanga? Na kati ya wenye maduka na malori hayo, wangapi ni madiwani, wenyeviti, watendaji, au shemeji zao? Simnyooshei mtu kidole, kwa sababu swali hili liko katika kila wilaya ya Tanzania. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 kwa mamlaka za wilaya inamtaka diwani mwenye maslahi ya kifedha katika mkataba au jambo linalojadiliwa aseme, na asishiriki mjadala wala kura. Yaani diwani akishatangaza anatakiwa akae pembeni. Mbunge tunamsikia anatangaza na kuendelea kuchangia. Katika hili diwani wa Bugene amewekewa mstari mgumu kuliko mheshimiwa wa Dodoma, na ningependa mstari huo upande juu badala ya kufutwa huku chini.

Hata huku chini, mstari unakanyagwa kwa ukimya. Kwetu watu ni ndugu. Diwani ni mjomba wa mtu, mwenye lori ni baba wa ubatizo wa mtoto wako, mwenye nasari ndiye aliyekukopesha wakati wa msiba. Kumuuliza mtu mzima mbele ya mkutano kama tofali zilitoka kwake huonekana ni kumvunjia heshima. Nimekaa katika mikutano ya vijiji ya kutosha kujua kwamba swali kama hilo huulizwa nje, chini ya mti, baada ya mkutano kufungwa, na likiulizwa nje halina wa kulijibu.

Njia ya kuepuka aibu hiyo ni kufanya swali liwe la kila mtu na la kila mwaka, lisimlenge fulani. Kamati ya Elimu, Afya na Maji ya halmashauri, kwenye kikao chake cha kwanza cha mwaka wa fedha, imsikilize kila mjumbe kwa zamu: ana nasari, ana kituo cha kulelea watoto, ana duka la saruji, ana lori, mkewe au mumewe anavyo? Maneno hayo yaandikwe kwenye muhtasari, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri na wa ofisi ya kata. Hakuna anayehitaji kusubiri Dodoma ibadilishe masharti ya daftari la Sekretarieti. Hakuna sheria inayomzuia kiongozi kutamka mali yake kwa hiari yake mbele ya wapiga kura wake. Kinachozuiwa ni mimi na wewe kuichukua huko ilikofungiwa na kuitangaza.

Wabunge wetu wa Karagwe na Kyerwa nao, muswada wa sheria mpya ya elimu utakapopelekwa mbele yao, nawaomba mambo mawili. Wahakikishe mwaka wa awali umeandikwa ndani ya sheria, pamoja na idadi ya watoto kwa mwalimu, ili usibaki katika waraka unaoweza kufutwa na waraka mwingine. Na kabla ya kuujadili muswada huo, waje hapa Kayanga, kwenye maikrofoni kama hii, watueleze wanamiliki nini katika elimu. Kama hawamiliki kitu, watasema hivyo kwa sentensi moja na tutawaamini.

Wewe msikilizaji, mikutano ya baraza la madiwani iko wazi, unaruhusiwa kuingia na kuketi nyuma ukasikiliza. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Katika mkutano ujao, darasa la awali likitajwa kwenye taarifa ya mapato na matumizi, nyoosha mkono, msalimie mwenyekiti kwa heshima yote inayomstahili, kisha uulize: mchanga ulinunuliwa kwa nani, bei ilipangwa katika kikao gani, na mwenye lori alikuwa ameketi wapi bei ilipopangwa? Omba jibu liandikwe kwenye muhtasari kabla mkutano haujafungwa.